Dalali Atoka Sinema

Bango lilisema watu watatu walizirai kule Osaka.
Mtoto wa kaka yangu, Kenshin, akanunua tiketi mbili na bisi,
akanikalisha safu ya katikati.
"Shangazi, ukiogopa nishike mkono."
Nikamwambia haya.

Mimi ni dalali wa nyumba hapa Kiryu, mwaka wa ishirini na sita.
Zinazoniangukia ni zile wenzangu wasizozitaka:
ya mzee aliyefia bafuni akakaa siku kumi na moja,
ya bibi aliyejifungia ghorofani
mpaka nzi wakawa ndio barua yake kwa majirani.
Kabla sijampa mteja ufunguo sharti niseme:
humu alikufa mtu.
Nasema nikitazama viatu vyake.
Wengi huuliza bei imeshuka kiasi gani.

Basi taa zikazimwa, nyumba ya kwenye filamu ikaanza kulia,
nami, kwa mazoea, nikaanza kuikagua.
Dari safi mno.
Mikeka ya tatami bado ina ukijani wake
katika nyumba ambayo eti haijakaliwa miaka arobaini!
Ngazi zinalia katikati ya ubao;
ngazi za kweli hulia pembeni, kwenye msumari.
Nywele zikachomoza kwenye tundu la sinki.
Nimezitoa mimi, nywele za bombani,
mara ngapi, kwa kijiti cha kulia wali,
na hata siku moja hazijanikaba koo.
Msichana wa gauni jeupe akatambaa dari nzima.
Kenshin akapiga yowe, akacheka, akachungulia simu.
Nyuma yetu mtu alikuwa anakoroma.
Ngoma ikivuma hivi, nikasema moyoni,
tafuta ilipochanika.

Lakini pana mahali pamoja. Sitakudanganya.
Hakuna muziki. Msichana hayupo.
Mama anaandaa meza ya jioni,
bakuli, bakuli, bakuli,
na mkono wake unakwenda kabatini kuchukua la nne
kabla mwenyewe hajakumbuka.
Sekunde sita, labda saba.
Bisi zikanikwama.
Kisha yule mtoto akarudi kutambaa
na mkono wangu ukarudi kwenye bisi.

Nje, joto la Agosti, nyenje wamepagawa mitini.
"Enhe? Inafikia sifa zake?"
"Sekunde saba zinafikia," nikamjibu.
"Dakika mia na nne zilizobaki ni za kuuzia bisi."
Akasema nina moyo wa zege.

Wiki hii ndiyo ya wafu kurudi.
Dirishani kwa mama yangu amesimama farasi wa tango,
miguu ya vijiti vya kiberiti,
wampande waje mbio;
na kando yake ng'ombe wa biringani wa kuwarudisha,
mnene, mzito wa mwendo,
maana nani ana haraka ya kuwasindikiza?
Tunawapikia. Tunawapa habari za mvua na bei ya mchele.
Katika filamu wafu wanabisha, watu wanakimbia.
Kwetu tunawasha taa mlangoni
na usiku wa kwanza unapita,
na wa pili,
na mama anabadilisha tango, lile limeanza kusinyaa.

Nikafika kwangu saa tatu kasoro.
Nikavua viatu gizani, vyangu tu.
Kutoka ukutani, sauti ya mwanamke, ya upole, ikasema:
Maji ya kuoga yako tayari.

Ni mtambo. Masanobu aliutega saa tatu kamili
kwa ajili ya mgongo wake, wakati bado ana mgongo wa kuuma.
Mwaka wa nne huu. Kitabu cha maelekezo kiko kwenye droo,
na mimi kusoma najua.

"Haya," nikasema, "tunakuja."
Halafu nikazima feni, nisikie vizuri.